Hedhi kukata sio kinga ya mimba: afya ya uzazi kwa vijana wa transjenda

Haya, asanteni, naona wengi mmetoka zamu na mmechoka, ntaenda moja kwa moja. Testosteroni, ile homoni ya kiume, sio uzazi wa mpango. Narudia, sio. Kijana amezaliwa na mfuko wa uzazi, anajitambua kama mvulana, ndo transjenda huyo, anatumia homoni hiyo, hedhi imekata miezi kadhaa, yeye anajua kwisha habari hawezi kubeba mimba, na sisi wahudumu wa afya tukiona ndevu zimeanza kuota tunaruka kabisa maswali ya mimba. Kumbe yai linaweza kutoka hata kama damu haionekani, na mimba ikiingia ile testosteroni inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo muulizeni jamani, na msikisie kwa mavazi yake wala kwa jinsia ya mpenzi wake. Muulize ana viungo gani, anafanya mapenzi kwa njia zipi na mtu mwenye viungo gani, na kama anataka mtoto kwa sasa. Basi.

Akisema hataki mimba, kijiti cha mkononi, sindano, kitanzi, vyote vinaenda sawa na testosteroni. Wengi wanaogopa vidonge vyenye estrojeni, homoni ya kike, wanahisi vitawarudisha walikotoka, sawa, usibishane naye, njia zisizo na estrojeni zipo tele, tena kitanzi cha homoni kinapunguza damu ya hedhi, na kwa kijana ambaye kila mwezi ile damu inamfanya ajifungie chumbani asiende shule, hiyo ni nafuu kubwa sana. Vidonge vya dharura pia anameza, ndani ya siku 5, mapema ndo bora. Msichana wa transjenda, aliyezaliwa na mwili wa kiume, anayetumia estrojeni naye asidanganyike, mbegu zinapungua ila huwezi kusema zimeisha, kondomu iko palepale.

Na aliyebakwa, au kondomu imepasuka na ana hofu ya VVU, PEP, zile dawa za kuzuia VVU baada ya hatari, ni ndani ya saa 72, isisubiri mtu amalize kushangaa jina lililoko kwenye kadi. Hapo kwenye jina ndo tunawapoteza. Mvulana anaitwa kwa sauti pale mapokezi, jina la kike, foleni nzima inageuka kumtazama, anainuka anatoka. Dawa zipo kabatini, yeye keshaenda.

Halafu kuna hii tabia ya kumsukumia daktari wa akili kijana wa transjenda aliyekuja kuulizia usaha unaomtoka sehemu za siri. Shirika la Afya Duniani lilishaitoa hali ya kuwa transjenda kwenye magonjwa ya akili, ndo ilivyo kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Mtibu usaha wake! Wala huna haja ya kumvua nguo na kumpima ukeni ndo umpe sindano ya uzazi wa mpango, na klamidia au kisonono unaweza kupima kwa mkojo, au umpe kijiti cha pamba aingie chooni ajichukulie mwenyewe.

La mwisho ni watoto wa baadaye. Mayai na mbegu vinaweza kuhifadhiwa, ila mazungumzo yawe kabla ya homoni kuanza. Wa miaka 15 atakwambia hataki mtoto kabisa, mwandikie hivyo, na akirudi muulize tena, na mzazi akiwepo mwombe atoke nje kidogo, maana mbele ya mama yake hasemi kitu.