Sindano Moja kwa Wodi Nzima

OKELLO: Tumerudi, wasikilizaji, kutoka hapa Kampala. Dada Rehema, wewe ni mtu wa maabara. Tumeambiwa mpaka tumechoka kwamba usugu wa dawa, yaani bakteria kutouawa tena na dawa, unaletwa na mgonjwa anayekatiza dozi. Ni kweli?

REHEMA: Ana sehemu yake, lakini tunamwonea. Ingia wodini usome mafaili. Antibiotiki ni moja tu: seftriaksoni, seftriaksoni, seftriaksoni. Mwenye nimonia, mwenye kidonda, mama aliyepasuliwa, wote sindano hiyohiyo.

OKELLO: Si ni dawa nzuri?

REHEMA: Nzuri mno, ndiyo maana inaniuma. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki makundi matatu: za kuanzia, za kuchunga, na za akiba. Seftriaksoni ni ya kuchunga, isitumiwe ovyo. Sisi tumeigeuza Panadol.

OKELLO: (anacheka) Lakini mgonjwa yuko hoi, usiku wa manane, daktari afanye nini?

REHEMA: Aanze dawa, simlaumu. Ila damu ya kuotesha bakteria maabara ichukuliwe kwanza! Ikija baada ya sindano, mara nyingi haioti kitu hata kama bakteria wamo. Najibu “hakuna kilichoota,” na aliye wodini anabaki kubahatisha.

OKELLO: Na ikiwahi?

REHEMA: Tunaotesha. Tukishawapata hao bakteria, tunawapaka kwenye kisahani, halafu tunapanga juu yake viduara vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake, penye dawa inayowaweza utaona pete safi imezunguka karatasi. Isiyowaweza, wameota mpaka wameigusa. Kuna bakteria aitwaye Klebsiela anayegusa karibu karatasi zote, unabaki na antibiotiki ya meropenemu peke yake. Sasa kaulize bei yake.

OKELLO: Anainunua nani?

REHEMA: Ikikosekana hospitalini, ndugu wanatumwa famasi ya nje. Siku ya tatu hela imekwisha, dozi imekatika. Halafu redioni tunasema mgonjwa amekatiza dozi!

OKELLO: Eeh, hapo umenimaliza. Na mpango wa taifa wa kupambana na usugu? Si ulikuwepo wa 2018 hadi 2023?

REHEMA: Ulikuwepo, na kwenye karatasi ni mzuri. Lakini vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikiisha maabara, mpango hauoteshi kitu. Na usisahau mikono, Okello. Bakteria sugu wa kitanda hiki wanafika kile kwa mikono yetu sisi wahudumu, na kwa mirija ya kutolea mkojo inayoachwa mwilini siku nyingi bila sababu. Mwaka 2019 peke yake, usugu huu ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Si jambo la kijijini kwetu tu.

OKELLO: Mimi nikiwa na mama yangu wodini, nifanye nini? Nikiuliza sana si watanifukuza?

REHEMA: Hawakufukuzi. Mwambie daktari kwa heshima: “Musawo, damu ya kuotesha mmeshachukua?” Uliza kabla sindano haijaingia.

OKELLO: Na akisema maabara haina vifaa?

REHEMA: Basi muulize mganga mkuu wa hospitali vitakuja lini. Mimi nimeuliza, bado nasubiri.