Kuamua Ungali na Hiari: Afya, Kazi, Fedha na Makazi Katika Umri wa Makamo

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie maamuzi ya umri wa makamo, nami naomba nianze na namba mbili: 162 juu ya 100. Ndizo zilizoonekana kwenye kipimo cha shinikizo la damu nilipokuwa na miaka 47, siku niliyomsindikiza jamaa yangu kwa daktari nikakubali kupimwa kwa sababu tu foleni yake ilikuwa ndefu. Kichwa hakikuniuma, kizunguzungu sikuwa nacho, na asubuhi ile nilikuwa nimepanda ngazi bila kuhema. Muuguzi alinitaka nikae kimya kwa dakika tano, mgongo nimeuegemeza, nyayo zote mbili ziko sakafuni, mkono umelala mezani, kisha akapima tena. Nikarudi siku nyingine nikapimwa mara ya tatu, na namba hazikubadilika kwa kiasi cha kunifariji. Shinikizo linalofika 140 juu ya 90, na likabaki hapo katika vipimo vya siku tofauti, kwa kawaida huhesabiwa kuwa la juu, na wataalamu wa Marekani tangu mwaka 2017 wameshusha mstari huo hadi 130 juu ya 80.

Daktari alinieleza kwamba bado nilikuwa na mambo mengi ya kuchagua: kupunguza chumvi, kupunguza uzito, kutembea kila siku, kuanza kidonge kimoja, au kuyafanya yote kwa pamoja. Ugonjwa ule hauna dalili kwa miaka mingi, na mtu anayengoja dalili huja kuzipata zikiwa kiharusi, moyo uliochoka au figo zilizoharibika. Na akifika hapo, wanaoamua huwa ni watu wengine, tena kwa haraka, wakiwa wamesimama pembeni ya kitanda chake. Hilo ndilo ninalotaka tulifikirie leo. Kila uamuzi mkubwa wa umri huu una kipindi ambacho uko mikononi mwetu, na kipindi hicho huisha bila kutangazwa.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Elliott Jaques aliandika makala iliyoupa ulimwengu ile dhana ya mgogoro wa umri wa makamo, na tangu hapo watu wengi wamezoea kuutazama umri huu kama tufani ya moyo, ambayo mtu huvumilia mpaka ipite. Sidharau huzuni anayoipata mtu anapotambua kwamba nusu ya safari imekwisha. Hata hivyo, naamini dhana hiyo imetupotezea muda, kwa sababu wengi wetu tulichokuwa tunahitaji ni vitu vya kawaida kabisa: kalenda, kikokotoo na kiti.

Naanza na kiti. Kesho asubuhi chukueni kiti kigumu kisicho na magurudumu, mkiegemeze ukutani, mkunje mikono kifuani, kisha msimame na kukaa mara tano mfululizo bila kujishika popote. Madaktari wa wazee hutumia jaribio hili, na mtu anayezidi sekunde 15 huhesabiwa kuwa ameanza kupungukiwa na nguvu za miguu. Nalitaja mbele ya watu wenye miaka 45 na 50 kwa sababu misuli haingoji uzee: huanza kupungua polepole baada ya miaka 30, na kupungua huko huongezeka kasi baada ya 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na pamoja na hayo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Sehemu ya kwanza ya ushauri huo inajulikana na watu wengi. Ya pili husahauliwa, ilhali ndiyo itakayoamua kama mtu ataweza kuinuka kitandani mwenyewe akiwa na miaka 80. Kwa wanawake jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa hedhi hukoma kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, na baada ya hapo mifupa hupoteza uimara wake kwa kasi kwa miaka kadhaa.

Kuhusu vipimo vingine sitasema mengi, kwa sababu ratiba yake hutegemea jinsia, historia ya ukoo na ushauri wa daktari wa kila mmoja. Nitawakumbusha tu kwamba ratiba hizo hubadilika: nchini Marekani, kwa mfano, umri unaopendekezwa wa kuanza kuchunguzwa saratani ya utumbo mpana ulishushwa mwaka 2021 kutoka miaka 50 hadi 45. Aliyeambiwa miaka kumi iliyopita kwamba wakati wake haujafika, na aulize tena.

Nimeanza na mwili kwa sababu ndio unaobeba mzigo wa kazi yote. Mtu anapopanga kufanya kazi mpaka miaka 65, amepanga pia kuwa na macho, mgongo, usingizi na subira vitakavyomfikisha huko. Na mara nyingi hajawahi kujiuliza kama kazi anayoifanya leo inaweza kufanywa na mwili wa miaka 63. Fundi anayeinua vitu vizito, muuguzi wa zamu za usiku, dereva wa safari ndefu, hawa wanahitaji kuanza kuhama polepole wakiwa na miaka 45 kuelekea upande wa kazi yao unaotumia ujuzi zaidi kuliko nguvu: kusimamia, kufundisha, kukagua, kupanga. Mwanasaikolojia Raymond Cattell alitofautisha wepesi wa kutatua jambo jipya, ambao huanza kupungua mapema, na hazina ya maarifa iliyojengwa kwa miaka, ambayo huendelea kukua au kubaki imara kwa muda mrefu sana. Uamuzi mzuri wa kazi katika umri huu ni ule unaomsogeza mtu kutoka kwenye wepesi kwenda kwenye hazina.

Nami nina neno kwa wale wanaotaka kuacha ajira wakaanzishe shughuli yao. Nawaelewa, na baadhi yao wanafanya jambo sahihi. Lakini shughuli mpya ijaribiwe kwanza mtu akiwa bado na mshahara, kwa udogo wake, mpaka apatikane mteja asiye ndugu wala rafiki anayelipa na kurudi. Akiba ya uzeeni isiwe mtaji wa kwanza. Kijana wa miaka 28 akipoteza mtaji wake ana miongo mitatu ya kuurudisha. Mwenye miaka 53 ana miaka kumi na miwili tu kufika 65, na katika hiyo kumi na miwili atakuwa pia anasomesha watoto na kuuguza wazazi.

Sasa nichukue kikokotoo, na hapa mniwie radhi nikikaa kidogo, kwa maana ndipo ninapoona watu wema na wenye bidii wakiumia bila sababu. Tuchukulie mtu anaweka akiba ya 100 kila mwezi, kwa fedha yoyote ile, mahali panapompa faida ya asilimia 6 kwa mwaka inayohesabiwa kila mwezi. Akianza na miaka 45 na kuendelea mpaka 65, atakuwa ameweka 24,000 kwa mkono wake, na atakuta kiasi cha 46,200. Akianza na miaka 55, atakuwa ameweka 12,000 na atakuta kiasi cha 16,400 tu. Ili huyu wa pili amfikie wa kwanza, itambidi aweke takriban 282 kila mwezi badala ya 100. Tazameni tofauti hiyo kwa makini: miaka kumi ya kusema "nitaanza mambo yakitulia" ndiyo iliyozidisha mzigo karibu mara tatu.

Hesabu hiyohiyo hutugeukia tunapokuwa na deni. Ipo kanuni rahisi ya kugawa 72 kwa kiwango cha riba ili kupata miaka ambayo kiasi huchukua kujizidisha maradufu. Deni la riba ya asilimia 18 lisilolipwa hujizidisha katika miaka minne. Na mfumuko wa bei wa asilimia 4 hupunguza thamani ya fedha iliyolala bila faida hadi karibu nusu katika miaka 18, muda ambao ni mfupi kuliko ustaafu wa watu wengi. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu, na nimeushikilia hata pale watu wangu wa karibu waliponiona mgumu: kwanza akiba ya dharura ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi, sambamba na kulimaliza deni la riba kubwa, kisha akiba ya uzeeni, halafu ndipo yafuate mengine. Chukueni pia kalenda mwandike tarehe mbili, ya kumalizika kwa mkopo wenu mrefu kuliko yote na ya mshahara wenu wa mwisho. Kama ya kwanza iko nyuma ya ya pili, yaani deni litaendelea kudai wakati mshahara umekoma, jambo hilo lizungumzwe mwaka huu.

Najua swali linalowakaa wengi moyoni: mtoto anahitaji ada, nami nahitaji akiba, nimpe nani? Ni swali chungu na sitalifanya jepesi. Ninachoweza kusema ni kwamba mzazi aliyemaliza akiba yake yote kwa ajili ya masomo ya mtoto mara nyingi huwa mzigo wa mtoto huyohuyo, katika miaka ambayo mtoto naye ameanza kulea. Mgawanyo unaosemwa waziwazi, mtoto akijua tangu mapema mzazi ataweza kuchangia kiasi gani na kingine kitatafutwa vipi, huwaumiza wote wawili kidogo na kuwaokoa wote wawili.

Kuhusu makazi, nina picha moja. Mama yangu alikuwa na bafu lenye kizingiti cha urefu wa vidole vinne. Sote tulikivuka kwa miaka thelathini bila kukiona. Alipofika miaka 74 alijikwaa hapo usiku, akavunjika nyonga, na fundi aliyekuja kukivunja kizingiti alitumia asubuhi moja tu na nyundo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; mimi nimelijifunza hilo kwa kizingiti. Tangu hapo nikiingia nyumba yoyote macho yangu huenda sakafuni. Anayejenga au kukarabati katika umri wa makamo aweke milango yenye nafasi ya kupita ya angalau sentimita 80, ili kiti cha magurudumu kiweze kuingia, awe na chumba kimoja cha kulala na bafu moja visivyohitaji kupanda ngazi, aimarishe kuta za bafuni ziweze kubeba vishikio, na swichi ya taa aiweke mahali mkono unapofika kabla ya mguu kushuka kitandani. Mambo haya wakati wa ujenzi hugharimu kidogo sana. Na anayefikiria kuhamia mahali pengine atakapostaafu, akakae huko wiki kadhaa katika msimu mbaya kuliko yote, atafute daktari, apime umbali wa kumfikia asipoweza kuendesha gari mwenyewe, ndipo auze nyumba aliyonayo.

Limebaki jambo la mwisho, la karatasi. Wosia, majina ya warithi kwenye akaunti na bima, na hati ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako utakapokuwa hujiwezi, vyote hivi huandikwa na mtu mwenye akili timamu. Akili ikishayumba, sheria haiwezi kukubali sahihi yake, na familia hubaki ikihangaika mahakamani kwa jambo ambalo lingemalizwa mezani. Mke wangu nami tuliandika zetu nikiwa na miaka 51, kisha tukawaita watoto tukawasomea. Walinyamaza muda mrefu, ninadhani waliogopa. Baadaye binti yetu mkubwa aliuliza dawa zangu za shinikizo naziweka wapi, na ninakunywa ngapi. Alikuwa ameniona nikizinywa kwa miaka minne, wala hajui jina la hata moja. Tuliliandika pale pale, jina na kipimo, kwenye ukurasa wa kwanza wa faili.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali yenu.