Fangasi wa Mikoko na Dawa za Saratani: Kazi Inaharibikia Wapi?

Ndugu zangu, Dodoma hakuna mikoko. Jani la mchu, aina ya mkoko, litatoka Bagamoyo au Rufiji, na likifungwa kwenye nailoni juani, litafika limeoza. Lisafiri kwenye boksi la barafu, likingwe lisigusane na barafu yenyewe, na kazi ianze ndani ya saa 24.

Tunawatafuta fangasi wanaoishi ndani ya jani bila kuuletea mti ugonjwa, ambao huenda kemikali zao zikaua seli za saratani, kwa hiyo kila kitu kinategemea kuosha. Toa matope kwa maji ya bomba. Kisha ethanoli ya asilimia 70 dakika moja, haipokloraiti ya sodiamu (kemikali ya jiki) ya asilimia 2 au 3 dakika tatu, ethanoli tena nusu dakika, halafu suuza mara tatu kwa maji yaliyotakaswa. Ukizidisha muda, dawa inapenya na kuwaua haohao unaowataka. Ukipunguza, utaotesha vumbi la hapahapa Dodoma na kuliita fangasi wa mikoko! Basi weka matone ya maji ya mwisho ya kusuuzia kwenye kisahani chenye agari, yaani jeli ya kuoteshea vijidudu. Kikiota kitu, tupa kundi zima, hata kama safari iligharimu.

Vipande vya milimita 5 viwekwe kwenye agari ya viazi yenye kloramfenikoli, dawa ya kuzuia bakteria, nyuzijoto 25 hadi 28. Angalia kila siku, maana wenye kasi huwafunika wapole. Mkishawatenganisha, gandisheni mapema sampuli ya kwanza ya kila fangasi kwenye gliseroli, kimiminika kinachomlinda asife. Fangasi akihamishwahamishwa visahani, mara nyingi huacha kutengeneza kemikali mliyomfuatia.

Kukuza kwa wingi ni rahisi: gramu 100 za mchele, maji ya chumvi kiasi hichohicho, otoklevu (mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu) nyuzi 121 kwa dakika 20, kisha wiki tatu au nne. Kamua kemikali zake kwa kiyeyushi cha ethili asetati, kwenye vyombo vya kioo, upate dondoo. Vya plastiki hutoa vilainishi, nanyi mtavisafisha kwa miezi mkidhani ni ugunduzi.

Kujaribu dondoo kwenye seli za saratani ndipo watu hushangilia mapema. DMSO, kiyeyushi cha kuyeyushia dondoo, kikizidi kama asilimia 0.5, chenyewe kinaweza kuua seli, kwa hiyo kiwepo kishimo kimoja cha sahani ya seli chenye seli na kiyeyushi peke yake, bila dondoo. Pimeni pia seli za kawaida sambamba na za saratani. Dondoo inayoua zote kwa kiwango kimoja ni sumu; hata sabuni inafanya hivyo. Mwaka 1993 ilitangazwa kuwa fangasi wa mti wa Taxus brevifolia anatengeneza taksoli, dawa ya saratani, lakini kiasi kilikuwa kidogo mno, na dawa ya hospitalini imeendelea kutegemea mimea na seli zake.

Maswali, karibuni.