Kitaa Chekundu cha Laptopu ya Shangazi

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Salim kama kawaida. Leo ni habari ya vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome na Firefox, kwenye kompyuta za zamani, na kaka ametoka Tanga wiki hii akiwa na kisa chake.

SALIM: Ahsante dada. Shangazi yangu ana steshenari pale Tanga. Anaprinti, anatoa kopi, anawajazia vijana fomu za mkopo na za ajira. Laptopu yake ni ya mtumba: prosesa Core 2 Duo, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, GB 2, ndani kuna Windows 7. Nilikaa pembeni yake asubuhi nzima. Akaja kijana na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, shangazi akafungua ukurasa wa maombi, na kile kitaa chekundu cha diski kikawaka moja kwa moja. Hakipepesi. Unasikia diski inakwaruza, kipanya hakisogei. Kijana macho kwenye saa, shangazi macho kwenye skrini. Iliniuma, maana huyu mama anaishi kwa hiyo laptopu.

ZUHURA: Na kitaa kile ndicho kingekujibu kila kitu kabla hujauliza.

SALIM: Kabisa. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ya kuzunguka iko nyuma sana ya RAM kwa kasi. Kwa hiyo muda wote huo mashine inabeba vyombo tu, inavitoa chumba hiki inavipeleka kile, halafu inavirudisha. Prosesa yenyewe iko karibu bure.

ZUHURA: Sasa mtu atauliza, kivinjari kinafanya nini na RAM yote hiyo? Mimi huwa naeleza kwa nyumba ya kupanga. Vivinjari vya zamani vilikuwa na jiko moja la wapangaji wote. Chrome ilipokuja mwaka 2008 ikampa kila mpangaji jiko lake, yaani kila kichupo, ule ukurasa mmoja uliofunguliwa, na mchakato wake. Faida yake kubwa: jiko la mmoja likishika moto, nyumba haiungui. Mwaka 2018, baada ya udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre kujulikana, Google wakaenda mbali zaidi, wakatenganisha hata tovuti na tovuti ndani ya kichupo kimoja. Walisema wenyewe kwamba hilo linaongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Ni usalama wa kweli, siwalaumu. Lakini majiko kumi ni mkaa wa majiko kumi.

SALIM: Na shangazi alikuwa na vichupo kumi na vinne. Kila mteja aliyepita tangu asubuhi ameacha kimoja.

ZUHURA: Hapo kabla ya kubadilisha kivinjari mngefunga vichupo.

SALIM: Tulifunga, na tukapata nafuu kubwa. Halafu nikamwonyesha kubonyeza Shift na Esc kwa pamoja ndani ya Chrome yake, orodha ya vichupo ikatokea na RAM ambayo kila kimoja kinakula. Kulikuwa na ukurasa wa habari za michezo, ukurasa mmoja tu, unakula kuliko fomu ya ajira na barua pepe zikijumlishwa. Matangazo, video inayojiwasha yenyewe, vijiprogramu vya kufuatilia watu.

ZUHURA: Hili nataka lisikike vizuri, kwa sababu watu wanashusha vivinjari vitano wakitafuta kilicho chepesi, na uzito wenyewe uko kwenye ukurasa. Weka kwenye Firefox kiendelezi cha uBlock Origin, kijiprogramu cha kuzuia matangazo, fungua ukurasa uleule, uone tofauti. Kwenye mashine ya GB 2 kiendelezi hicho kinasaidia zaidi ya kivinjari chochote kinachojiita chepesi. Na Firefox bado inakikubali kile chenyewe kamili, wakati Chrome mpya imebakiwa na toleo lake lililopunguzwa nguvu.

SALIM: Lakini dada, nikuambie nilichofanya kwanza. Nilitaka chepesi kuliko vyote. Nikaiwasha ile laptopu kwa flashi yenye antiX, aina nyepesi ya Linux, ule mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, nikaweka kivinjari cha Dillo.

ZUHURA: Dillo! Kile cha tangu 1999.

SALIM: Kilikaa miaka bila toleo jipya, tangu 2015, mpaka 2024 wakakiamsha kwa toleo la 3.1. Dada, kinafunguka kabla hujaondoa kidole kwenye kipanya. Shangazi alishika mdomo. Tukasoma ukurasa wa maandishi matupu, ukaja papo hapo. Halafu tukafungua fomu ya ajira. Nyeupe.

ZUHURA: Kwa sababu Dillo haina JavaScript, ile lugha inayoendesha vitufe na fomu za tovuti.

SALIM: Haina kabisa. Kitufe cha kuingia hakionekani, sehemu ya kupakia vyeti haionekani. Kwa kusoma ni raha tupu, ila kwa mtu anayejaza fomu za watu hakifai hata kidogo. Nikajifunza kuanza na swali la kazi: ni kurasa gani tatu au nne ambazo lazima zifunguke? Kivinjari kisichofungua hizo kiondoke, hata kama kina uzito wa unyoya.

ZUHURA: Ukahamia wapi?

SALIM: Nikarudi Windows 7, nikajaribu Pale Moon. Hiki asili yake ni Firefox ya zamani, wakajitenga, sasa kinaendeshwa na injini yao inayoitwa Goanna. Kiko kwenye mchakato mmoja, lile jiko moja ulilosema, kwa hiyo RAM inapumua. Barua pepe ikafunguka, fomu moja ikafunguka vizuri. Ya pili ikakataa kwenye ukurasa wa kupakia picha, duara linazunguka tu. Nikawa nimebaki na Chrome yake ya zamani, toleo la 109, na nikasema kimoyomoyo, hii imezoeleka, inafungua kila kitu, niiache.

ZUHURA: Hapana, kaka.

SALIM: Najua utasema hapana.

ZUHURA: Nasema kwa uchungu. Toleo la 109 lilitoka Januari 2023 na ndilo la mwisho kwa Windows 7. Matundu ya usalama yaliyogunduliwa kwenye Chrome baada ya hapo yanazibwa kwenye matoleo mapya, yale ambayo laptopu ya shangazi haipati. Na angalia kinachopita kwenye kibodi ile: namba za NIDA, nywila za barua pepe, vyeti vya kuzaliwa, namba za simu zenye pesa. Si za shangazi peke yake. Ni za mtaa mzima! Kijana mwenye bahasha ya kaki hajui mambo ya toleo la 109, amekuja kwa sababu anamwamini shangazi. Kwa hiyo kwangu swali la kwanza kabla ya wepesi ni moja: je, kivinjari hiki bado kinapata masasisho?

SALIM: Nilifika hukohuko, ila nilichelewa. Kwa Windows 7 kilichonifaa ni Firefox 115, lile toleo la muda mrefu, linaloendelea kupata masasisho ya usalama. Lilitoka Julai 2023, na Mozilla wamesogeza mbele mwisho wake zaidi ya mara moja kwa ajili ya watu wa Windows 7 na 8.

ZUHURA: Hakikisha tu ni toleo la karibuni la hiyo 115. Kuna cheti cha msingi cha kidijitali ndani ya Firefox, cha kuthibitisha viendelezi, kilichoisha muda wake tarehe 14 Machi 2025. Walio chini ya 115.13, viendelezi vyao vinaweza kuzimika, na uBlock ikizimika mzigo wote unarudi.

SALIM: Na kwenye vyeti hivyo vya kidijitali, ambavyo hata tovuti zinavyo vya kujitambulisha, kuna jambo lilinishtua. Betri ya saa ya laptopu imekufa, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Kila ikizimwa na kuwashwa, tarehe inarudi mwaka 2009. Tovuti zote zinaleta onyo kwamba muunganisho si salama, kwa sababu kivinjari kinaona vyeti vya tovuti havijaanza hata kutumika. Shangazi alishazoea kubonyeza "endelea hivyohivyo" kila panaporuhusu. Kila asubuhi.

ZUHURA: Ya Rabi. Sasa siku onyo likiwa la kweli?

SALIM: Atabonyeza vilevile. Tulibadilisha betri kabla ya kitu kingine chochote, na tarehe imetulia.

ZUHURA: Lakini Windows 7 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Firefox hiyo ni ya kuvukia tu.

SALIM: Ndiyo, na tumeshavuka. Core 2 Duo ni ya biti 64, kwa hiyo tulinunua RAM ikafika GB 4, tukatoa diski ya kuzunguka tukaweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, tukasimika Linux Mint yenye eneo-kazi jepesi la Xfce. Sasa yuko kwenye Firefox ya kisasa inayojisasisha, na uBlock Origin ndani. Ukiniuliza fedha iende wapi kwanza kama huwezi vyote, nasema SSD. RAM ikijaa utaisamehe, kwa sababu kubeba vyombo kunakwenda haraka. Kitaa sasa kinapepesa kidogo, kinazima.

ZUHURA: Shangazi kaizoea?

SALIM: Alilalamika siku mbili kuhusu printa, tukaipata. Na amebandika karatasi ukutani kwa mkono wake: mteja akiondoka, tunatoka kwenye akaunti yake na tunafunga kichupo.

ZUHURA: Na ile ya mezani uliyonitumia picha yake?

SALIM: Ile ni Pentium 4 ya mwanzo, RAM MB 512. Prosesa yake haina SSE3, seti ya amri ambazo programu mpya zinazihitaji, na Chrome iliacha prosesa za namna hiyo tangu toleo la 89. Shangazi aliniomba niitafutie kivinjari nayo. Nilikaa nayo mpaka saa nne usiku. Mwishowe nikachomoa waya wa mtandao, nikamwachia ya kuchapia barua na risiti.