Ukuta Unaofunguka: Mhadhara kwa Wajenzi wa Minecraft

Wajenzi wenzangu, karibuni, na asanteni kwa kuja. Leo, katika mchezo wetu wa kompyuta wa kujenga kwa bloku, nina mlango mmoja tu wa kuwaeleza: ule wa bloku nne, mbili kwa mbili, ambao ukishafungwa ukuta unabaki bapa, hauna ufa wala shimo, na mtu anaweza kupita mbele yake asishuku chochote. Wengi wenu mnaujua kama mlango wa Jeb, kwa jina la utani la Jens Bergensten, mmoja wa watengenezaji wa Minecraft. Pistoni, yaani bloku zenye mkono unaosukuma bloku nyingine, ziliingia kwenye mchezo Juni 2011, katika toleo la Beta 1.7, na tangu hapo wajenzi hawajachoka kuficha milango.

Naanza na ukuta, maana wengi huanza na mashine, kisha ukuta ukalazimika kuifuata. Simama pale atakaposimama mgeni. Anaona nini? Akiona mawe yaliyochakaa kila mahali, halafu bloku nne mpya zinang'aa katikati, siri imekwisha. Kwa hiyo bloku za mlango ziwe za aina ileile ya ukuta, na uzichague mapema, kwa sababu si kila bloku inakubali. Obsidiani haisogei kabisa. Vigae vile vya udongo vyenye nakshi vinasukumika lakini havivutiki. Mlango wake utafungwa, kufunguka hautafunguka. Mchanga ukikosa kitu chini yake unaporomoka. Mawe na mbao ni salama.

Sasa tuingie ndani. Pistoni ya kawaida husukuma tu. Ukiiunganisha na donge la ute unapata pistoni ya kunata, inayosukuma na kuvuta pia. Mlango huu unataka pistoni za kunata 12, sita kila upande. Tazameni upande mmoja. Pistoni mbili, moja juu ya nyingine, zimejificha ubavuni zikielekea katikati ya njia, na kila moja imeshika bloku ya mlango. Nyuma yake kuna mbili nyingine zinazoelekea katikati vilevile, ila hizi zimeshika pistoni. Ndiyo, pistoni inabeba pistoni mwenzake! Hizo mbili zinazobebwa zinaelekea mbele, kwa mgeni.

Mlango ukifungwa, za ubavuni zinasukuma kwanza: bloku nne zinakutana njiani, na pistoni nne za mbele zinakaa nyuma yake. Ndipo za mbele zinanyoosha mkono na kuzisukuma bloku hatua moja, zikalingana na uso wa ukuta. Hatua hiyo moja ndiyo siri yote. Bila hiyo mgeni angeona kishubaka cha mraba ukutani, naye angeanza kugongagonga.

Hapa ndipo pagumu, na naomba tupakalie. Pistoni iliyonyoosha mkono haiwezi kusogezwa na nyingine. Ni sheria ya mchezo. Kwa hiyo wakati wa kufungua, lazima za mbele zirudi kwanza, halafu ndipo za ubavuni zivute. Za ubavuni zikitangulia, zitarudi mikono mitupu, na zile za mbele zitabaki zimesimama katikati ya njia. Kwa maneno mengine, wakati wa kufunga ubavu unatangulia, wakati wa kufungua ubavu unafuata. Waya mmoja, yaani mstari wa vumbi la redistoni linalobeba umeme wa mchezo, wenye ucheleweshaji mmoja hauwezi kazi hiyo, kwa sababu unachelewesha kuwaka na kuzima kwa kiasi kilekile.

Tukubaliane hivi: umeme ukiwaka mlango umefungwa, ukizima umefunguka. Kwa pistoni za ubavuni, gawanya waya njia mbili. Njia moja iende moja kwa moja, nyingine ipite kwenye ripita, kifaa kinachochelewesha umeme, kisha zikutane tena. Umeme ukiwaka, njia ya moja kwa moja inafika papo hapo. Ukizima, njia ya ripita inaendelea kushikilia kidogo. Umepata kitu kinachowahi kuwaka na kuchelewa kuzima.

Za mbele zinataka kinyume chake: zichelewe kuwaka, ziwahi kuzima. Huhitaji kubuni mzunguko mpya. Chukua uleule, weka tochi ya redistoni, ile inayozima umeme ukiifikia na kuwaka ukikatika, mwanzoni na nyingine mwishoni. Tochi ya kwanza inageuza umeme, mzunguko unachelewesha upande wa pili, tochi ya mwisho inaurudisha ulivyokuwa. Mimi naona hapa ndipo penye uzuri wa mlango wote, kuliko hata kule kufunguka kwenyewe.

Angalizo moja. Kila tochi inakula sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo za mbele zitachelewa kidogo kurudi. Ripita moja inachelewesha sehemu nne za kumi tu, hata ukiifikisha mwisho. Kwenye njia ya ubavuni wekeni mbili mfululizo, msibane.

Kuhusu ufunguo, nitasema kifupi. Kitufe ukutani kinatangaza kwamba kuna kitu. Napendelea fremu ya kutundika ukutani, yenye kitu ndani yake. Kitu hicho kinazungushwa kwa mikao minane, na komparata, kifaa kinachosoma mkao huo, iliyo nyuma ya bloku inatoa nguvu ya umeme ya 1 hadi 8. Nguvu inapungua kwa moja kila inapovuka kipande cha vumbi la redistoni, kwa hiyo nguvu ya 5 inawasha vipande vitano tu. Ukitaka namba 5 peke yake, mlango ufunguke pale kipande cha tano kinapowaka na cha sita kimezima. Fremu moja mtu ataibahatisha upesi. Fremu tatu zina namna 512.

Naona mkono pale nyuma. Unauliza kwa nini mlango uliojengwa kwenye Java haufanyi kazi kwenye Bedrock, yaani matoleo mawili ya mchezo huu. Swali zuri sana. Kwenye Java, pistoni inapokea pia umeme unaofika kwenye nafasi iliyo juu yake. Hivyo wajenzi wengi huwasha bloku za dari tu: pistoni za mbele za juu zinapata umeme, na za chini zinapata kupitia nafasi ya zile za juu. Bedrock haina tabia hiyo, kwa hiyo za juu zitasukuma na za chini zitakaa kimya, nusu ya mlango ikabaki ndani. Wewe peleka waya darini na chini ya sakafu vilevile, ili kila pistoni ipate umeme wa bloku inayoigusa.