Tiba Itangulie, Fomu Ifuate

Ndugu maofisa na wauguzi, nianze na PF3, fomu ambayo polisi wa Tanzania humpa aliyeumizwa ili daktari aijaze. Binti wa miaka 13 aliyekuwa akitumikishwa kingono analetwa zahanati, anaambiwa akachukue PF3 kwanza. Kituoni, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto hayupo, arudi kesho. Kesho nauli hakuna. Dawa kinga za VVU lazima zianze ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kisha humezwa siku 28 mfululizo. Mtibuni, fomu itamkuta wodini.

Vituo vya Mkono kwa Mkono vinaweka daktari, askari na ofisa ustawi wa jamii mahali pamoja. Hata hivyo, wakikaa vyumba vitatu na kila mmoja akauliza upya, mtoto atasimulia mara tatu. Leo atasema ilikuwa jioni, kesho atasema ilikuwa usiku, na wakili wa utetezi atang'ang'ania hapo hapo. Aulize mmoja aliyefunzwa, wengine wasikilize na kuandika. "Nieleze ilivyokuwa" linatosha, "Alikushika, sivyo?" linamwekea maneno mdomoni.

Nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Wengi hutumia nailoni, unyevu ukabaki ndani, ukungu ukala ushahidi. Funga, andika tarehe na saa, na kila anayeupokea mfuko asaini mpaka ufike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Pengo moja la saini laweza kuangusha kesi.

Linaloniumiza zaidi ni hili: mtoto aliyekuwa akilipwa huitwa changudoa, akalala mahabusu pamoja na watu wazima. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza kumwingiza mtoto kwenye ngono, kwa malipo au bila malipo. Alipwe, asilipwe, huyo ni mtoto aliyetendewa, wala msimwandike mtuhumiwa.

Msiharakishe kumrudisha nyumbani. Pengine aliyekuwa akipokea hela ni shangazi aliyekuja kumchukua, na wazee wameshakaa kuyamaliza kifamilia. Ustawi wa jamii waikague nyumba kwanza. Ikionekana si salama, atafutiwe familia ya kuaminika.

Halafu ufuatiliaji, ambao ndio hupotea. Kipimo cha VVU kirudiwe wiki ya 6 na mwezi wa 3. Kwenye faili andikeni jina la ofisa atakayempigia mlezi simu siku mbili kabla ya tarehe. Mkiandika "ustawi wafuatilie", hakuna atakayepiga.