Kalausi na sayari iliyofutika

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliziomba nchi nyingi zitoe majina, kila nchi nyota moja na sayari yake. Tanzania ikachagua Mpingo kwa nyota na Tanzanite kwa sayari. Kenya ikaiita nyota HD 83443 Kalausi, na sayari yake Buru. Nitaanza na Kalausi, kwa sababu kuna wakati nyota hiyo ilihesabiwa kuwa na sayari mbili.

Buru yenyewe haijawahi kupigwa picha. Kinachoonekana ni nyota kuyumba. Sayari inapoizunguka nyota, nyota nayo huvutwa kidogo huku na huku. Ikija upande wetu, mistari myeusi inayoonekana mwanga wake ukitawanywa kuwa rangi husogea kuelekea bluu. Ikirudi nyuma, husogea kuelekea nyekundu. Mwendo wenyewe ni mdogo mno. Mshtarii, kubwa kuliko sayari zote za kwetu, huliyumbisha Jua kwa mita 12 hivi kwa sekunde. Dunia huliyumbisha kwa sentimita 9 tu.

Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari ya nyota 51 Pegasi, yenye uzito usiopungua karibu nusu ya Mshtarii, ikimaliza mzunguko kwa siku 4 na ushei. Wengi walitilia shaka, na walikuwa na haki: jitu kama hilo linafanya nini karibu hivyo na nyota yake? Siku chache baadaye Geoff Marcy na Paul Butler wakaielekezea nyota hiyohiyo darubini ya kituo cha Lick, California. Wakakuta yumbo lilelile. Timu nyingine, kifaa kingine, jibu moja. Kwangu mimi, siku hizo chache zina uzito sawa na tangazo lenyewe.

Kwa Kalausi mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2000 timu ya Geneva, kwa darubini iliyoko La Silla, Chile, ilitangaza Buru, yenye mzunguko wa siku 3 hivi. Haukupita muda ikatangaza na ya pili, ya siku 30 hivi. Butler na wenzake wakaipima nyota hiyo kwa darubini za Hawaii na Australia. Buru ikajitokeza bila utata. Ya pili hawakuiona, na hatimaye dai lake likaachwa. Watu hudhani hapo sayansi ilifeli. Sikubali hata kidogo! Nyota ina madoa, gesi yake inachemka, na vyote hivyo vinaweza kuigiza yumbo dogo. Bila wapimaji wa pili, tungekuwa tunawafundisha watoto sayari ambayo haipo.

Tanzanite ilipatikana kwa njia nyingine. Kamera za WASP, mradi wa kusaka sayari, zilizoko kisiwa cha La Palma, Hispania, na Sutherland, Afrika Kusini, zilipima mwangaza wa nyota nyingi usiku baada ya usiku. Sayari ikipita mbele ya nyota, yaani mpito, mwanga hupungua: kwa sayari kubwa mara nyingi ni kama asilimia 1, kwa Dunia na Jua ni asilimia 0.008. Ila nyota mbili zinazofunikana kwa zamu, zikiwa mbali nyuma ya ile inayopimwa, huweza kuleta upungufu uleule. Ndipo yumbo huitwa kutoa ushahidi, maana hilo ndilo linalotoa uzito. Tanzanite ilikutwa na uzito wa zaidi ya Mshtarii mbili. Kama ingekuwa nyota, ingekuwa nzito kuliko hivyo mara nyingi sana.

Septemba 2025 sayari za nyota nyingine zilizothibitishwa zilifika 6,000, na maelfu mengine yanasubiri kupimwa. Baadhi ya vipimo vya mpito wa sayari kubwa hufanywa na watu wa kawaida wenye darubini ndogo na kamera, na wataalamu huvitumia. Sisi tulio karibu na ikweta tunaiona anga ya kaskazini na ya kusini. Mwenye darubini aje mbele baada ya maswali, tuchague nyota ya kuanzia.